Kasoro za Mwamvita

Mtu akimaliza chuo, majirani wa Kihonda huacha kumsalimia. Humuuliza. "Umeshapata?" ndiyo salamu yenyewe, na haiitikiwi kwa marahaba wala kwa salama. Mwamvita alikuwa ameiitikia kwa mwaka mmoja na miezi minane. Mwanzoni alitoa maelezo marefu, kwamba maombi ameshatuma, kwamba usaili umeahirishwa, kwamba mtandao wa maombi ulikuwa haufunguki. Baadaye akafupisha: "Bado, nasubiri." Siku hizi alikuwa amejitafutia njia ya kwenda bombani isiyopita mbele ya saluni ya Jesca.

Jesca hakuwa mtu mbaya. Walisoma pamoja mpaka darasa la saba, Jesca akaishia hapo, akaenda kujifunza kusuka, na leo ana vioo viwili vikubwa na wasichana watatu wa kumsaidia. Kosa lake kwa Mwamvita lilikuwa moja tu, kumwonea huruma. "Njoo nikusuke bure, shoga yangu, uende kwenye usaili umependeza," alimwambia wiki iliyopita. Mwamvita akaenda, akasukwa, akapendeza, akalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mama yake, Mwajuma, aliuza chai na magimbi ya kuchemsha kwa wafanyakazi wa viwandani. Kila alfajiri Mwamvita na mdogo wake Semeni walimenya magimbi uani. Magimbi mabichi yanawasha mikono, na kuwasha huko hakujali kama mtu ana shahada ya sayansi ya chakula. Shahada yenyewe ilikuwa juu ya kabati, ndani ya bomba la plastiki.

"Si ulisomea chakula?" Semeni alimtania. "Hiki nacho ni chakula."

"Menya, acha maneno," alisema Mwamvita, lakini alicheka. Asubuhi ile alikuwa na sababu ya kucheka. Ilikuwa Jumatano, na kufikia Ijumaa alitarajia jibu.

Usaili uliopita wote alikuwa ameutia kwenye daftari, kumi na mbili. Mmoja aliufuata Dodoma, watu mia tisa kwa nafasi sita, wengine wakaandika mtihani wamekaa sakafuni. Mwingine ulikuwa wa kiwanda cha karibu na nyumbani, ambako bwana mmoja mpole alimuuliza uzoefu wa miaka mitatu. Mwamvita akamjibu kuwa ndiyo kwanza ametoka chuo. Yule bwana akamshauri akatafute uzoefu kwanza halafu arudi, kana kwamba uzoefu unapimwa sokoni kwa kisado.

Huu wa kumi na tatu ulikuwa tofauti. Kampuni moja ya viungo ilikuwa imefungua ghala nyuma ya viwanda, ikinunua iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga kutoka milimani. Walitaka mkaguzi wa ubora. Meneja, Bwana Fidelis Severin, hakumuuliza habari ya uzoefu. Alimwekea sinia la iliki mezani, akamwambia achambue, ya kusafirishwa huku na ya kurudishwa kule. Mwamvita alichambua mpaka akasahau kuogopa. Alipomaliza, Bwana Fidelis alilitazama sinia kwa muda mrefu, akasema, "Tutampigia mdhamini wako. Ijumaa saa nne napeleka jina Dar es Salaam."

Kwenye fomu waliandika: mtu mzima wa familia anayekufahamu tangu utoto. Baba yake Mwamvita yupo, anaishi Kilosa na mke mwingine, lakini hata angekuwa analala chumba cha pili jina lake lisingeandikwa pale. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kumsemea ni mjomba. Mwamvita aliandika Stambuli, mkulima, akaweka na namba ya simu, bila kufikiria mara mbili.

Mjomba Stambuli ndiye aliyemsomesha. Aliuza karafuu za misimu mitatu kwa ajili ya ada, akavaa koti lile lile misimu yote mitatu. Sasa Semeni naye alikuwa amechaguliwa kwenda chuo, na barua yake ya kujiunga alikuwa anailalia chini ya mto. Mjomba alikuwa ametoa kauli yake, na kauli ya mjomba haikatiwi rufaa: "Wa kwanza apate kazi, ndipo wa pili aende. Sitapanda mche wa pili wakati wa kwanza sijauona hata ua." Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Ulimwambia mjomba kuwa atapigiwa?" Mama aliuliza, akiweka sufuria kichwani.

"Nilimpigia, simu ikawa haipatikani. Nikamtumia meseji."

Mama alisimama kidogo, akataka kusema jambo, kisha akaona saa. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi hawangoji magimbi yapoe.

* * *

Alasiri, simu ya mama iliita. Mwajuma aliiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na majivu ya kusugulia sufuria. Haikuwa na haja. Kaka yake aliamini kwamba kwa kuwa yuko mlimani, na wao wako bondeni, lazima apige kelele.

"Mwajuma! Leo nimewakomesha!"

"Shikamoo kaka. Umewakomesha nani?"

"Marahaba. Wale wale! Wezi wa simu! Leo wameniangukia mimi mwenyewe, hapa hapa mfenesini!"

Kijiji chake kilikuwa juu ya Mkuyuni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mtandao ulifika mahali pamoja tu, kwenye mfenesi ulio ukingoni mwa shamba. Stambuli aligongomea kopo la maziwa kwenye shina lake, na simu ilikaa humo. Asubuhi na alasiri alikwenda kukaa chini ya kopo kama mtu aliyekwenda ofisini.

Mwezi wa tatu, mtu aliyejiita afisa ajira alipiga simu Kihonda, akampongeza Mwamvita kwa kuchaguliwa, akaomba hela ya fomu na ya kipimo cha afya. Mama alitoa mtaji wa magimbi, mjomba akaongezea alichopata kwenye mdalasini. Hela ilipofika, yule afisa akazima simu mpaka leo. Tangu hapo Stambuli alisikiliza kwenye redio kila tangazo la kuonya watu juu ya matapeli, akawa mtaalamu. Aliwaagiza watoto wanaomsomea meseji wafute zote bila kuzisoma.

"Kaanza kwa adabu!" alisema. "Shikamoo mzee! Nikajua tu. Mwizi wa siku hizi ana adabu kuliko mkwe. Sikumwitikia. Ananiambia, mzee, tunataka kuthibitisha habari za Mwamvita. Jina analijua! Kazi aliyosomea anaijua! Nikamwambia, ngoja kwanza nikae vizuri."

"Kaka..."

"Nikakaa. Nikamwambia, sikiliza we mwizi, mdalasini wangu ulikula mwezi wa tatu, leo umerudi kutafuta karafuu? Mwambie mama yako aliyekuzaa ndiye akutumie hiyo hela! Akasema, samahani mzee, sijaomba hela. Nikamwambia, bado hujaomba, lakini si ndiko unakokuja, mwizi mkubwa we!"

Semeni alianza kucheka, kisha akauona uso wa dada yake.

"Mjomba, shikamoo," alisema Mwamvita. "Alijitaja jina?"

"Marahaba mwanangu. Alijitaja. Fidelis, sijui Fidelis nani, anasema wa ghala, viungo viungo. Wamesoma hao! Wanajua kabisa kuwa sisi ni watu wa viungo!"

Mwamvita alikaa chini, juu ya maganda ya asubuhi, akafunika uso kwa viganja vyake viwili.

Mwajuma aliichukua simu, akaipeleka karibu na mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwambia kaka yake maneno bila kuyazungusha. "Kaka, yule hakuwa mwizi. Yule ndiye mwajiri."

Upande wa pili wakasikia majogoo wa jirani yake mjomba, na pumzi ya mtu mzima anayetafuta pa kuketi.

* * *

Mwamvita alipiga simu ghalani mara nne. Mara ya tano alipokea Lucy, dada wa mapokezi, yule aliyempa maji siku ya usaili.

"Dada yangu, nikwambie ukweli," Lucy alisema kwa sauti ya chini. "Bosi ameandika kwenye faili lako, mdhamini amekataa."

"Hajakataa! Alidhani ni matapeli."

"Alimwita mwizi, dada. Mara mbili, na mama yake akamtaja. Yule bosi mama yake ni mgonjwa, yuko Songea."

"Naomba niongee naye."

"Yuko kwenye mkutano mpaka jioni. Na mimi sitaki aniulize nani kanituma. Pole sana."

Jioni ile hawakula. Semeni aliitoa barua yake chini ya mto, akaisoma kama haijui, akairudisha. Hilo lilimuumiza Mwamvita kuliko tusi. Aliona aibu, aliona hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda, maana huwezi kumkasirikia mtu aliyevaa koti moja misimu mitatu kwa ajili yako.

"Kesho nakwenda kwa Jesca," alisema. "Anifundishe kusuka. Aliniambia anatafuta mtu wa nne."

"Kusuka ni kazi nzuri," Mama alisema. "Ungekuwa unaipenda ningekusindikiza mwenyewe. Lakini wewe umemenya magimbi mwaka mzima, mikono inawasha, hukuacha. Umekwenda Dodoma ukarudi na homa, hukuacha. Leo uache kwa sababu ya tusi, tena tusi lenyewe hukutukanwa wewe?"

"Sasa nifanye nini, mama?"

Mwajuma alimwambia akalale, na yeye mwenyewe akakaa macho.

* * *

Alhamisi, kabla jua halijapanda, lori la ndizi kutoka Mkuyuni lilisimama barabarani, na kutoka juu ya mikungu akashuka Mjomba Stambuli. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa na lile koti. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Alikuwa ameteremka mlima usiku kwa tochi, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

Walimwamkia wote watatu, akawaitikia mmoja mmoja, kisha akamgeukia Mwamvita.

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Hapana, mjomba."

"Usinidanganye, mimi si mgeni. Nimekuharibia. Sasa nipeleke kwa huyo bwana. Mdomo uliotukana ndio utakaoomba radhi, hauwezi kutumwa kwa simu."

"Na hicho kikapu?"

"Pilipili manga. Nimtembelee mtu niliyemtukana, mikono mitupu?"

"Mjomba, ukiingia nacho watasema tumekuja kuhonga."

Stambuli alishangaa kwa dhati. Maisha yake yote alikuwa hajaingia nyumba ya mtu kuomba radhi bila chochote mkononi, na sasa anaambiwa heshima ni kosa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Mwajuma akakichukua kikapu, akakiweka chini ya meza yake ya magimbi, akasema kitabaki hapo, na mwenye neno zaidi amwambie yeye. Mjomba alitii. Ila alitia mkono kikapuni akachota punje chache akaziweka mfukoni mwa koti, maana alizoea kuzitafuna kwa ajili ya kifua.

Mlinzi wa ghala alimtazama mzee kuanzia kofia mpaka udongo wa viatu. "Wauza viungo mlango wa nyuma, mzee wangu."

"Sijaja kuuza. Nimekuja kwa bwana mkubwa."

"Wote husema hivyo. Zunguka nyuma."

Mwamvita alieleza, akaeleza tena, akaonyesha barua ya usaili. Mlinzi akawaruhusu wakae kwenye benchi, juani. Walikaa saa moja na nusu. Watu waliingia na kutoka, kila mmoja akimtazama binti aliyevaa viatu vya shule vya mdogo wake, vilivyopakwa rangi vizuri, na mzee wa matope kando yake. Mwamvita aliona haya, kisha akaona haya kwa kuona haya. Alitoa kitambaa chake, akainama, akavifuta viatu vya mjomba. Mjomba alinyoosha mguu wa pili.

Hatimaye Lucy alitokea mlangoni. "Anasema dakika kumi."

* * *

Bwana Fidelis alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye uso wa kuchoka. Hakuwa amefurahi. Lakini alilelewa, na mzee alipoingia alisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema Stambuli. "Na ile ya jana sikuipokea. Naipokea leo, zote mbili."

Bwana Fidelis akawaonyesha viti.

"Mzee, uliniita mwizi."

"Nilikuita. Na mama yako nikamtaja, naye hana kosa. Kwa hilo la mama nimeteremka mlima. Naomba radhi yako, na ukimpigia, umfikishie na yake." Stambuli alivua kofia. Akaeleza habari ya mwezi wa tatu, ya mdalasini na mtaji wa magimbi, kwa maneno machache na bila kulia shida. "Mtu akishaumwa na nyoka, akiguswa na jani anaruka. Niliruka. Lakini niliyemkanyaga ni huyu binti, naye hakuwepo."

Bwana Fidelis aliutazama ukuta. "Mama yangu siku hizi hapokei simu kabisa," alisema. "Walimpigia wakamwambia nimepata ajali, akawatumia hela ya hospitali. Mpaka nimtume jirani."

Sasa walikuwa wanaume wawili walioibiwa. Kisha meneja akavuta faili, akafungua kalamu. "Haya mzee. Nikuulize nilichotaka kukuuliza jana. Huyu binti, tabia yake ikoje?"

Hapo Mwamvita akakumbuka jambo. Katika ukoo wao mjomba akiulizwa na mgeni habari za mpwa wake, hamsifu. Hata posa ikija, hutaja kasoro kwanza, zote, mpaka washenga watazamane. Sababu yao ni moja, kwamba kilichotajwa kasoro hakirudishwi. Binamu yake Maimuna alitajiwa kasoro saba mbele ya wakwe, akaolewa, na hajarudishwa mpaka leo. Lakini hawa hawakuwa wakwe. Mwamvita alimgusa mjomba mguu chini ya meza. Mjomba akausogeza mguu wake pembeni.

"Ana kasoro," alisema Stambuli.

Kalamu ya meneja ikasimama. "Zipi?"

"Ya kwanza, ubishi. Alikuja likizo akanikuta nimeanika pilipili chini, kama baba zangu walivyoanika. Nina wageni. Akasema mbele yao, mjomba, huu ni uchafu, kuku wamepita hapa. Nikamfokea. Kesho yake nimeamka nakuta amekata mianzi, amejenga chanja, pilipili yangu yote iko juu. Hatukusemeshana wiki mbili."

"Ya pili?"

"Hajui kunyamaza mbele ya mkubwa. Mwenyekiti wa kikundi chetu alichanganya karafuu za mwaka jana na mpya. Tuliona wote, tukanyamaza, si mwenyekiti? Yeye akazinyanyua akasema, hizi za zamani, hizi mpya, nani kachanganya? Tulipata aibu kijiji kizima."

Mwamvita alikuwa anaitazama sakafu. Machozi yalikuwa yamefika, akayazuia kwa kuhesabu vigae.

"Ya tatu," aliendelea mjomba, asiyejua huruma akishaanza, "ni mzito. Iliki ya kuchambua saa moja, yeye atachukua tatu. Punje moja moja, anaitazama kama anaisoma. Ukimharakisha, anaanza upya."

Bwana Fidelis alikuwa anaandika. "Na mazuri yake?"

"Mazuri utayaona mwenyewe. Mimi natoa yale ambayo kesho usije ukasema sikukwambia."

Kifua kilimbana kwa maneno mengi, akakohoa, akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Leso ikatoka na punje za pilipili manga, zikamwagika juu ya faili. Mwamvita aliziangalia zikibingirika akaona kila kitu kimekwisha, sasa hata hongo imeonekana. Lakini mtu wa viungo ni mtu wa viungo. Bwana Fidelis aliokota moja bila kufikiri, akaiviringisha kati ya vidole, akaiuma.

"Hii imeanikwa wapi?"

Stambuli alisita. Ilikuwa dhahiri kwamba hapendi kulijibu swali hilo mbele ya mhusika. "Kwenye chanja lake," alisema mwishowe, akitazama dirishani. "Sijalibomoa. Mnunuzi aliongeza bei, basi nikaliacha. Mwaka jana nikajenga la pili."

Mwamvita aliinua uso. Muda wote huo alikuwa anaamini kwamba chanja lile liligeuzwa kuni siku aliyoondoka.

"Hukuniambia, mjomba."

"Ungezidi ubishi."

Bwana Fidelis alifunga faili. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba ofisi yake inafuata utaratibu, na kwamba atapiga simu kesho, kwa mdhamini, kama fomu inavyotaka. Aliposhikana mkono na mzee, mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Utapokea?"

"Nitakuwa mfenesini tangu alfajiri," alisema Stambuli.

* * *

Ijumaa ile hakuna aliyekula magimbi nyumbani kwao, ingawa waliyamenya. Saa tatu ikapita. Saa nne ikafika, saa ya majina kupelekwa, ikapita nayo. Semeni alifagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia. Saa nne na robo simu ya mama ikaita, na safari hii hata majirani walisikia bila sauti ya nje.

"Mwajuma! Amepiga! Nimeanza na marahaba, kabla hajasema kitu!"

"Kaka, amesema nini?"

"Anasema mama yake amepokea radhi!"

"Stambuli!" Mwajuma alipiga kelele, akimwita kaka yake kwa jina, jambo ambalo baadaye aliliombea msamaha. "Kazi!"

"Aa, kazi ameshapata. Jumatatu aende. Miezi mitatu ya kumwangalia kwanza, kisha wamwandike moja kwa moja. Nimemwambia amwangalie vizuri. Yuko wapi Semeni? Mwambie afunge sanduku, nimeshaongea na mnunuzi wa karafuu."

Semeni alitupa ufagio, akaruka akamshika dada yake shingoni, wakaanguka wote wawili kwenye maganda. Mama alikaa kwenye kinu, akalia kwa furaha bila kujificha, akajifuta na khanga, akalia tena. Mwamvita alifurahi mpaka akaogopa. Alipotulia alichukua ndoo akaenda bombani, na safari hii alipita njia ya saluni.

"Shoga!" Jesca aliita, kitana kikiwa kwenye nywele za mteja. "Umeshapata?"

"Nimepata."

Jesca alimwacha mteja na nusu kichwa, akatoka mbio mpaka barabarani.

* * *

Msimu wa pilipili manga ulipofika, Mwamvita alikuwa ameshamaliza ile miezi mitatu. Alivaa koti jeupe na viatu vyake mwenyewe, akasimama mlango wa nyuma wa ghala, mahali wauzaji wanapopanga foleni na magunia yao. Kazi yake ilikuwa kuchota, kunusa, kupima unyevu kwa mashine ndogo, kisha kusema ndiyo au hapana. Hapana yake watu waliilalamikia, lakini walianza kuizoea.

Asubuhi moja, gunia la saba lilikuwa la mzee wa kofia. Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na Stambuli, aliyekuwa na ada ya Semeni ya muhula wa pili kichwani, aliharakisha. Alisimama kifua mbele. Foleni nzima ilijua ni mjomba wake, kwa sababu alikuwa ameitangazia tangu alfajiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mwamvita alichota, akanusa, akapima. Akapima mara ya pili. Mama mmoja kwenye foleni alikuwa amesimamisha mkono wake hewani, sahani ya karanga ikimngoja.

"Unyevu umezidi, mjomba. Ukaianike siku mbili, uilete Jumatano."

"Mimi?"

"Unyevu umezidi."

Walitazamana. Mwamvita alijua kila punje iliyomo humo ni kitabu cha Semeni, lakini hakuyaondoa macho yake. Stambuli aliingiza mkono guniani, akatoa punje, akaiuma. Akatafuna taratibu. Kisha akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, fundo moja, fundo la pili, akalitupia begani.

Akapita kando ya foleni akirudi kwenye lori la ndizi. Kijana mmoja mwenye gunia la mdalasini akamwambia, "Mzee, pole. Yule dada ana roho ngumu."

"Unanieleza mimi?" Stambuli alisimama, akaliweka gunia sawa begani, na uso wake ulikuwa umejaa fahari ambayo hakujaribu kuificha. "Kasoro hiyo niliitaja mwenyewe. Ofisini, mbele ya bosi. Muulizeni kama sikumwambia."